Kisiwa Hakikosi Mgeni, Hukosa Chombo

Barazani petu Mji wa Kale nilichekwa hadi nikanyamaza. Nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba likizo ya Desemba mimi na mke wangu tunaenda Uriri, na kutoka huko tutazunguka visiwa kwa wiki tatu. Mzee mmoja akaweka kikombe chake cha kahawa chini, akanitazama. "Wewe umezaliwa kisiwani, babako kazaliwa kisiwani, leo wafuata visiwa Uriri? Uriri si kuna miwa?"

Mzee hakukosea. Uriri iko Kaunti ya Migori, kwenye barabara kuu itokayo Kisii, kati ya Awendo na mji wa Migori. Ukishuka kwenye basi hapo unaona mashamba ya miwa, matrekta yaliyojazwa hadi miwa inaburura lami, na vijana wa bodaboda wakigombania begi lako. Ziwa liko upande wa magharibi lakini hulioni. Ila ndugu yake mke wangu ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko, huu ni mwaka wake wa sita, na kila likizo hutuambia njooni. Na ukishafika Uriri, visiwa vya Homa Bay si mbali tena: matatu hadi Rongo, nyingine kupitia Rodi Kopany hadi mji wa Homa Bay, nyingine hadi Mbita, kisha maji.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya ndani ya nyumba. Tumeoana miaka kumi na tisa. Fungate yetu ilikuwa ile ya kwetu, siku saba chumbani nyumbani kwa mamake, tukiletewa chakula na kuchekwa na mashangazi. Safari ya wawili hatujawahi kuifanya. Mke wangu alikuwa akiitaka Zanzibar. Nilipiga hesabu ya nauli na vyumba, nikapiga tena, nikamrudia na Uriri. Aliniangalia kitambo kabla hajacheka. Watoto tukawaacha kwa bibi yao Kisauni, tukapanda treni.

Sitaki kukusimulia safari yote, msomaji wangu. Nataka kuzungumzia jambo moja tulilolikuta majini, kwa sababu ni letu Wapwani pia, na kwa sababu miaka hii hakuna kiongozi anayepanda jukwaani bila kutaja uchumi wa buluu. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay kwenyewe, na kaulimbiu ilikuwa hiyo hiyo: uchumi wa buluu na shughuli za majini. Miezi sita baadaye sisi tulikuwa ndani ya boti kwenye maji hayo hayo, na nilichokiona kilinifanya nijiulize ni nani hasa anayekusudiwa na uchumi huo.

VISIWA TUSIVYOVIJUA

Jioni ya pili Uriri, vijana wanafunzi wa shemeji walikuja kutusalimia. Mke wangu walishambatiza jina, Nyar Mombasa. Nikawauliza ni nani kati yao amewahi kufika Rusinga. Walikuwa kama kumi. Mmoja ndiye aliyeinua mkono, na alikwenda kwa mazishi. Mfangano hakuna. Takawiri hakuna. Lakini Zanzibar waliijua vizuri kupitia simu zao, pamoja na majina ya fuo zake. Na Migingo waliijua wote.

Migingo inafaa tuiangalie kidogo. Ni jiwe lenye ukubwa wa karibu nusu ekari, limefunikwa kwa mabati, na mzozo wake na Uganda ulipamba moto mwaka 2009. Mkenya ambaye hajawahi kuliona Ziwa Victoria atakuambia habari za Migingo. Mfangano, chenye kilomita za mraba zipatazo 65, milima, mashamba na shule, hakigombaniwi na mtu, kwa hiyo hakisemwi. Sisi Wapwani pia ndivyo tulivyo. Tunajua ziwa kwa samaki wa sokoni na kwa habari za ajali.

Tulichokikuta huko kilitushangaza. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, kwa hiyo unaingia kwa bodaboda. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi. Hapo hapo, mwaka 1948, Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Takawiri ina mchanga mweupe ambao mke wangu, mtu wa Nyali na Bamburi, aliupima kwa vidole akasema, "Huu nao?" Mfangano kuna michoro ya kale mwambani, duara nyekundu na nyeupe, ambayo wenyeji waliihusisha na maombi ya mvua, na kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba. Lugha yao ya Kisuba ni ya Kibantu, ndugu ya Kiswahili, na imezidiwa nguvu na Kijaluo hadi wazungumzaji wake ni wachache. Mzee mmoja alipotusemesha kwa Kisuba, mke wangu alishika maneno mawili matatu bila kufasiriwa, na mzee akafurahi kama amekutana na mjukuu.

Kwa Waislamu wenzangu mtakaouliza: chakula si tatizo. Samaki hana mchinjaji. Tulikula ngege, mbuta na omena, kwa ugali, asubuhi chai na chapati. Kwa swala tulikuwa wasafiri, na wenyeji walitupisha pembeni bila maswali. Tatizo pekee la maji ni kwamba usiyaoge ovyo. Ziwa lina kichocho, na mahali penye nyasi na konokono si pa kutumbukiza miguu. Jambo hilo mgeni huambiwa na mwenyeji mwenye huruma tu, maana hatukuona ubao wowote ulioliandika.

Kwa hiyo vya kuona vipo, na watu wa kukupokea wapo. Ugumu uko katikati, kwenye maji yenyewe.

"NA MAJI YAKIJA?"

Boti yetu ya kwanza ya abiria iliondoka asubuhi. Nauli shilingi 300 kila mtu. Kukodi boti peke yetu tulitajiwa shilingi 9,000, kwa hiyo tukapanda na watu. Ubavuni palikuwa na maandishi ya rangi: abiria 20. Mimi nina tabia ya kuhesabu. Tulikuwa 31, na magunia ya unga, kreti za soda, godoro moja na mbuzi wawili. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwepo, kama dazeni, zimefungwa kwa kamba chini ya gubeti.

Mke wangu akamuuliza nahodha, kijana mpole wa miaka ishirini na kitu, kwa nini hazijagawiwa.

"Hizo ni za wakaguzi, mama. Wakija tunavaa."

"Na maji yakija?"

Watu walicheka, naye nahodha akacheka. Lakini alifungua kamba. Mke wangu akavaa lake juu ya buibui, mama mmoja akachukua la mtoto wake likamfika magotini, wengine wakafuata, yakaisha kabla hayajafika nusu ya boti. Nakiri kwamba mimi sikuwa nimeuliza. Niliona haya. Nimepanda maboti ya Lamu kwenda Pate mara nyingi bila jaketi, na siku zote nimekaa kimya kama mtu anayejua bahari. Yeye ambaye hajui kuogelea ndiye aliyesema.

Ziwa hili si bwawa. Lina takriban kilomita za mraba 68,800, na Kenya tuna asilimia 6 tu. Halina bamvua wala halifuati kaskazi na kusi kama bahari yetu. Lina upepo wake: mchana maji huvuta upepo kwenda nchi kavu, usiku upepo hugeuka kuelekea katikati ya ziwa, na hapo ndipo dhoruba nyingi hujijenga, saa ambazo wavuvi wako nje na taa zao. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu kati ya 3,000 na 5,000 wanaopoteza maisha kila mwaka katika ziwa zima. Hata ukiipunguza idadi hiyo nusu, ni msiba wa kila mwaka usio na siku ya kitaifa ya maombolezo.

Kisa cha pili kilitukuta katika safari ya kurudi kutoka kisiwa kingine, ambacho sitakitaja. Tulifika ufuoni mapema. Boti ilikuwa inajaza. Kwenye benchi la pili alikaa msichana, hakuzidi miaka ishirini na mbili, mja mzito, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na mamake kando yake ana karatasi ya rufaa kutoka zahanati. Alikuwa aende hospitali ng'ambo. Boti ya wagonjwa siku ile hakukuwa. Boti ya abiria haiondoki mpaka ijae, na zilibaki nafasi sita. Tukasubiri. Dakika ishirini, dakika arobaini. Msichana halii, anauma tu ncha ya leso yake. Utingo anaita abiria kwa sauti, na hakuna anayekuja.

Mke wangu hakunishauri. Alifungua mkoba, akamhesabia utingo shilingi 1,800, nafasi sita, akasema, "Twende." Tukaondoka.

Ng'ambo msichana alipokelewa kwa bodaboda. Tulisikia kesho yake kutoka kwa utingo yule yule kwamba amejifungua salama, mtoto wa kiume, alhamdulillahi. Lakini jioni ile tulipokuwa tumekaa, mke wangu alisema jambo ambalo limekuwa kichwani mwangu tangu hapo. "Baba Swafiya, ile ilikuwa pesa ya matembezi. Kama tusingekuja kutembea?"

HESABU YA SHILINGI 165

Ni rahisi kumlaumu nahodha. Tumpigie hesabu kwanza. Akibeba watu 31 kwa shilingi 300, anapata 9,300. Akitii maandishi ya ubavuni na kubeba 20, anapata 6,000. Mafuta ya mashine hayapungui kiasi hicho, wala mwenye boti hapunguzi hesabu yake ya siku. Ili apate kile kile kwa watu 20, nauli ingebidi iwe shilingi 465. Yaani usalama wa mwanakisiwa unagharimu shilingi 165 kila anapovuka. Swali la sera liko hapo, kwenye hizo 165: nani azilipe?

Mtu wa Uriri akitoka shambani kwenda Migori anapita barabara iliyojengwa kwa kodi. Hakuna anayemwambia asubiri barabara ijae ndipo aruhusiwe kupita, na hakuna anayemwambia alipie lami. Mtu wa kisiwani barabara yake ni maji, na gharama yote ya barabara hiyo, chombo, mafuta, gati na hatari, anaibeba mwenyewe kwenye nauli. Akishindwa kuibeba kwa pesa anaibeba kwa kujazana.

Katiba ya 2010 haikulisahau jambo hili. Katika Jedwali la Nne, kazi za kaunti zimeorodheshwa, na chini ya uchukuzi wa kaunti, pamoja na barabara na maegesho, zimeandikwa feri na bandari. Serikali ya kitaifa imeachiwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti utalii wa ndani. Kwa hiyo feri na mtalii vimewekwa mikononi mwa serikali moja. Usalama wa vyombo nao una Mamlaka ya Safari za Majini, KMA, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2006, na tangu 2018 kuna Kikosi cha Walinzi wa Pwani ambao kazi yao inafika hadi maziwani. Sheria hatukukosa. Lakini kila mmoja akiulizwa anaonyesha kidole ofisi ya jirani, na abiria yuko katikati akisubiri boti ijae.

Tena mfano wa chombo chenye saa uko pale pale. Feri ya kati ya Mbita na Luanda K'Otieno, upande wa Siaya, inaondoka kwa saa zinazojulikana na inabeba watu na magari. Nilikaa Mbita asubuhi moja kuangalia tu. Mama wa samaki anajua saa ngapi afike. Mwenye matatu ng'ambo anajua saa ngapi asubiri. Mwenye kibanda cha chai anajua saa ngapi apashe maandazi. Saa moja tu ya feri imeajiri watu ambao hawajawahi kuipanda. Visiwani ambako boti huondoka ikijaa, hakuna anayeweza kupanga chochote, iwe mgonjwa, mwalimu au mgeni. Nilikutana na mwenye nyumba ya wageni, vyumba sita safi, aliyeniambia kwamba wageni hupiga simu na swali lao la kwanza ni, "Boti ni saa ngapi?" Hana jibu la kuwapa, na wengi hawapigi tena.

TUSIJIONE BORA

Msomaji wa Pwani usije ukasema hayo ni ya Nyanza. Lamu ni vile vile. Mgeni mwenye pesa anashuka uwanja wa ndege wa Manda, anavuka mkono wa bahari kwa dakika chache, yuko Shela kabla jasho halijakauka. Mtu wa Faza, Kizingitini au Ndau anangoja maji yajae ili boti ipite Mkanda, anakaa juu ya mizigo kwa saa kadhaa. Mji wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Pate yenye magofu na historia ya kuizidi miji mingi inapata wageni wa kuhesabika. Kinachotofautisha ni urahisi wa kufika. Ramani ya utalii wetu ni ramani ya mahali ambapo tajiri anaweza kufika bila kuonja usafiri wa mwenyeji.

Hata Zanzibar tunayoitamani ina kidonda hicho. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia wakafa. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam. Wengi waliokufa walikuwa wenyeji, watu wa nauli nafuu. Kwenye ziwa hili tunalolizungumza, MV Bukoba iliua mamia tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na MV Nyerere ikaua watu 228 tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la Ukara. Watu walikuwa wanaiona nchi kavu.

Na sisi tuna Mtongwe. Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, watu wakienda kazini. Zaidi ya 270 walikufa, mita chache kutoka walikopandia. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka mwalimu akisoma majina ya watoto waliotakiwa kwenda nyumbani, na hakuna mtoto aliyetaka kusikia lake. Hatuwezi kusema hatujui kujaza chombo kunaleta nini. Tunajua, na tunapanda.

TUFANYE NINI

Sipendi makala inayolalamika kisha ikaaga, kwa hiyo nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkutano wa kimataifa.

La kwanza ni saa. Kila kisiwa chenye watu kiwe na angalau boti mbili kwa siku zinazoondoka kwa saa iliyoandikwa ubaoni, zijae zisijae. Kaunti ilipe nafasi zinazobaki tupu. Mke wangu alilipa sita kwa shilingi 1,800. Kaunti inayoweza kununua magari ya maafisa haiwezi kusema hilo limeishinda.

La pili ni nauli ya ngazi mbili. Mwanakisiwa alipe bei yake, mgeni alipe zaidi, kama tunavyofanya kwenye mbuga za wanyama ambako mwenyeji na mgeni hawalipi sawa. Mimi ningelipa 465 bila kunung'unika, hata 600, kwa boti yenye saa na jaketi. Pesa ya mgeni ikiingia kwenye chombo kile kile anachopanda mwenyeji, hapo ndipo utalii utaanza kumfaa mwenyeji. Ikiishia kwenye boti ya kukodi na hoteli ya mtu wa Nairobi, kisiwa kitabaki kuwa mandhari ya picha.

La tatu ni jaketi zivaliwe mwilini, na ziwepo za watoto. Ukaguzi ufanyike wakati wa kuondoka, watu wakiwa ndani, na uhusishe kikundi cha wavuvi cha ufuo ule, kwa sababu wao ndio wanaokuwepo saa kumi na mbili asubuhi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Ubandikwe hapo hapo kwenye ubao wa saa, kwa Kiswahili na Kijaluo.

La nne ni boti ya wagonjwa, na mafuta yake. Nasema na mafuta yake kwa sababu tunajua sote jinsi vyombo vya aina hii huzinduliwa kwa utepe, kisha vikafungwa kwenye mti.

Najua jibu litakalokuja: pesa hakuna, na kuna mambo ya haraka zaidi. Uriri kuna wakulima wanaolilia malipo ya miwa, na barabara za ndani za udongo ambazo mvua ikinyesha hata bodaboda inasukumwa. Shemeji yangu alinipinga kwa hoja hiyo usiku mzima. Ana haki ya kuuliza kwa nini shilingi ya Migori au Homa Bay iende majini. Nilimjibu kwamba mtu wa kisiwani naye analipa kodi, na kwamba mbunge na MCA wanakumbuka kuvuka maji wakati wa kura. Pia nilimuuliza wale wanafunzi wake kumi, wanaojua fuo za Zanzibar na hawajaona Takawiri, watafikaje huko, na mzazi gani atawaruhusu kupanda boti ile niliyoipanda. Hapo alinyamaza kidogo. Mwaka huu anataka kuwapeleka Rusinga, kwa sababu kuna daraja. Hilo lenyewe ni jibu: kisiwa chenye daraja kimepata wageni arobaini, wale wengine watasubiri.

Tumerudi Mombasa salama. Barazani mzee aliniuliza, "Enhe, uliona nini huko kwenye miwa?" Nikamwambia nimeona Lamu nyingine, isiyo na chumvi. Mke wangu ameshapanga safari ya pili, Pate, Ndau hadi Kiwayu, Mungu akipenda baada ya Idi. Amenunua jaketi mbili, ziko nyuma ya mlango. Nilimuuliza kama hatuoni haya kupanda boti ya Mkanda tumevaa mavazi yale peke yetu. Akasema wale wa ziwani pia walicheka, halafu yakaisha.

Wewe msomaji uliye Lamu, Kwale, Kilifi, au uliye kwetu huku una jamaa Homa Bay na Migori, nakuomba jambo dogo. Mwakilishi wako atakapokuja kuzungumzia uchumi wa buluu, mwachie amalize. Kisha muulize boti ya kesho asubuhi inaondoka saa ngapi. Akijua jibu, mpe kura. Inshallah tukutane wiki ijayo.